Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wazee wetu walituachia methali mbili zihusuzo mgeni. Ya kwanza yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya pili yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twazitamka mara nyingi kwa mzaha, hasa tunapotaka kumkumbusha shemeji aliyekaa mno kuwa shamba lake lamngoja. Walakini ndani yake mna fundisho ambalo Mkristo hana budi kulitafakari. Juma hili twapenda kulitazama kwa njia ya habari ya familia moja iliyokwenda kupumzika kisiwani ikakutwa na tufani.

Kwanza tuondoe shaka: kupumzika si dhambi. Mwenyezi Mungu mwenyewe, baada ya kazi ya kuumba, aliitakasa siku ya saba kwa kupumzika. Bwana Wetu Yesu Kristo, Mitume waliporudi kutoka safari yao ya kuhubiri wakiwa wamechoka hata nafasi ya kula hawana, aliwaita waende naye kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Wakapanda mashua. Lakini Mtakatifu Marko atuambia ya kuwa waliposhuka walikuta umati mkubwa umekwisha kuwatangulia. Bwana Wetu hakukasirika wala hakusema kwamba saa yake ya mapumziko imeharibiwa. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Baba wa familia tunayoisimulia ni karani katika ofisi moja jijini Dar es Salaam. Ametupa ruhusa kuieleza habari yake, mradi tusitaje jina lake, wala la hoteli, wala la mtu mwingine yeyote. Yeye na mkewe waliweka akiba miaka miwili, shilingi kwa shilingi, ili siku moja wawapeleke watoto wao wawili, ambao walikuwa hawajaanza shule, wakaione bahari ya kisiwani. Wakachagua Mafia, na wakachagua majira ya masika ya mwaka 2024, kwa kuwa wakati huo wageni ni wachache na bei hupungua. Wakafika Jumatano tarehe 1 Mei, ambayo kwa serikali ni sikukuu ya wafanyakazi, na kwa Kanisa ni kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili mwaka 1955.

Siku ya kwanza bahari ilikuwa shwari. Watoto waliokota makome ufukoni hata jua likazama. Siku ya pili redio ikaanza kutangaza habari nyingine: Mamlaka ya Hali ya Hewa yawatahadharisha watu wa pwani, kwani kimbunga kiitwacho Hidaya chakaribia. Ijumaa vyombo vya kuvusha abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Familia yetu nayo ikaambiwa kuwa hakuna tena boti wala ndege ya kuwarudisha bara, mpaka hali itengemae. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 4, mbingu zilikuwa nyeusi kama chungu, na minazi ikaanza kuinama.

Hapo ndipo mtumishi mmoja wa hoteli, mtu wa makamo, alipobisha hodi mlangoni. Alikuja kupigilia mbao madirishani, na kuwaomba wahamie katika jumba la kulia chakula, ambalo kuta zake ni za matofali na saruji na paa lake ni la bati nene. Vyumba vya wageni vilikuwa vimeezekwa makuti.

Baba yule akapandwa na hasira. Akasema, "Wewe bwana, mimi nimelipia chumba cha kutazama bahari, sikulipia kulala mkekani ukumbini. Mwite mkubwa wako anirudishie fedha yangu."

Mtumishi akajibu kwa upole, "Niwie radhi, mzee wangu. Upepo ukishapita, chumba chako utakirudia. Sasa nakuomba unipe mtoto mmoja nimbebe, mvua isije ikatukuta njiani."

Akambeba mdogo, akamfunika kwa koti lake. Walipofika ukumbini, mama, ambaye muda wote alikuwa kimya, akamwambia mumewe, "Baba watoto, umemwuliza yeye watoto wake wako wapi?"

Hakuwa amemwuliza. Akaenda, akauliza. Akaambiwa kuwa mke wa mtu yule, watoto wake watatu na mama mkwe wake wako kijijini, mwendo wa nusu saa kwa miguu, katika nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti, karibu na ufuko. Zamu yake ilikwisha tangu alfajiri, lakini alikuwa ametakiwa abaki kwa ajili ya wageni. "Nimewaachia Mungu," akasema, akaendelea kupanga viti.

Wasomaji wapenzi, baba yule alitukiri mwenyewe kuwa neno hilo lilimwingia kama mwiba. Alikwenda kwa mkubwa wa hoteli, si kudai fedha tena, bali kuomba mtu huyo aruhusiwe kwenda kuwaleta watu wake, na wenzake wenye nyumba dhaifu vilevile. Mkubwa alisitasita. Alisema chakula ni cha wageni waliolipa, na nafasi ni ndogo. Wageni walikuwa wachache tu, wakaulizwa mmoja mmoja, nao wote wakakubali kupunguziwa sahani na kusogea. Kabla upepo haujakaza, mtumishi akarudi na watu wa nyumba yake pamoja na majirani zake, jumla watu kumi na mmoja, wameloa, wamebeba sufuria, kuku wawili, na bibi kizee mgongoni.

Usiku ule taa zilizimika. Mvua ilipiga bati hata watu hawakusikizana, na nje walisikia minazi ikianguka. Katika pembe moja Waislamu walisali sala yao, na katika pembe nyingine mama aliongoza rozari. Watoto wa pande zote mbili walilala mkeka mmoja.

Asubuhi ya Dominika upepo ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na njia ya kwenda kusali Misa, kwani miti ilikuwa imelala barabarani. Baba akafungua Misale ya Waumini, akaisomea familia yake masomo ya Dominika ya Sita ya Pasaka. Injili ilikuwa ile ya Mtakatifu Yohane, sura ya 15, ambapo Bwana Wetu awaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa, kwa sababu mtumwa hajui atendalo bwana wake, bali amewaita rafiki. Alituambia hivi: "Padre, nilisoma mpaka hapo nikashindwa kuendelea. Yule mtu amenitandikia kitanda na kuniletea chakula siku nne, na jina lake nililijua jana tu."

Alasiri walikwenda kijijini. Jiko lilikuwa limeanguka, na upande mmoja wa paa umeezuliwa. Baba yule akakunja suruali, akabeba makuti siku hiyo na siku iliyofuata, mpaka safari yake ilipowadia. Mgeni alipewa jembe, akalipokea.

Habari ndiyo hiyo. Sasa tuitafakari.

Watu wengi hutuuliza, "Padre, je, tufani ni adhabu ya Mungu?" Swali hili halijibiwi kwa pupa. Twakubali ya kuwa hakuna kitu kitokeacho pasipo Mwenyezi Mungu kukijua na kukiruhusu. Lakini Bwana Wetu mwenyewe alitukataza kuwahesabu waliopatwa na msiba kuwa ni wakosefu kupita wengine. Alipotaja wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakaaji wote wa Yerusalemu, kisha akawageukia wasikilizaji, akawataka watubu wao. Basi msiba wa jirani si kitabu cha kusoma dhambi zake. Ni kengele ya kuniamsha mimi.

Kimbunga kina njia zake ambazo Mungu amemjalia mwanadamu akili ya kuzichunguza. Hupata nguvu juu ya bahari yenye joto, kadiri ya nyuzi 26 na zaidi. Mvuke hupanda, hewa huvutwa kutoka pande zote, na mzunguko wa dunia huifanya hewa hiyo izunguke. Karibu sana na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni hafifu, ndiyo sababu pwani yetu haijazoea vimbunga kama Madagaska na Msumbiji. Lakini kutozoea si kuwa salama. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha merikebu bandarini. Tarehe hiyohiyo ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kilipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kusini kidogo tu ya mpaka wetu, kikaangamiza vijiji katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mwezi mmoja nyuma yake, kimbunga Idai kilikuwa kimeubomoa mji wa Beira, na katika Msumbiji, Malawi na Zimbabwe watu zaidi ya 1,000 wakafa.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia kilikuwa kimekwisha kupungua nguvu, na kilipogusa nchi kavu kikavunjika. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Walakini asiwepo mtu wa kusema, "Tumeponywa kwa sababu sisi twasali sana." Je, watu wa Beira hawakusali? Mama wa Cabo Delgado hawakushika rozari? Shukrani ya kweli haina majivuno. Tena tusisahau kuwa hata kimbunga kilichopungua kilikuja juu ya nchi iliyokwisha kulowa. Siku chache tu kabla yake, tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 katika Tanzania. Watu wa Rufiji walikuwa wamehama makwao kwa mafuriko. Na baada ya Hidaya, barabara kuu ya kwenda Lindi ilikatika wilayani Kilwa. Aliyekuwa hotelini alikosa siku mbili za kuogelea, na wengine walikosa nyumba.

Katika Kiswahili chetu hidaya ni tunu, ni zawadi. Sisi hatuthubutu kuuita upepo ule zawadi, mbele ya mtu aliyepoteza shamba lake. Lakini twaweza kusema kuwa katika usiku ule Mungu alitoa neema, na kwamba baba mmoja aliipokea.

Sasa tufungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28. Humo twasoma juu ya safari ya Mtakatifu Paulo Mtume kwenda Roma akiwa mfungwa, na juu ya tufani iliyoivunja merikebu yake kisiwani Malta. Mtakatifu Luka, aliyekuwamo chomboni, aliandika kila jambo kwa uangalifu. Mambo manne twapenda kuyaonyesha.

La kwanza ni onyo lililodharauliwa. Walipokuwa kisiwani Krete, Paulo aliwashauri wasiendelee, kwa kuwa majira ya hatari yamekwisha kufika. Lakini bandari ile haikuwa nzuri ya kukaa wakati wa baridi, na watu walitamani nyingine iliyo bora. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Kisha upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakadhani wamepata walichotaka, wakang'oa nanga. Muda si muda tufani ikawashukia. Je, si ndivyo tulivyo? Tukishalipa nauli, tukishapanga safari, twaliona onyo kuwa ni adui wa raha yetu. Asubuhi ikiwa tulivu twasema kuwa wataalamu wamekosea. Mkristo ajue ya kuwa kudharau onyo la wale waliopewa kazi ya kutulinda si imani, ni kumjaribu Mungu. Shetani alimtaka Bwana Wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, kwa kisingizio kuwa Malaika watamdaka, naye Bwana akamkatalia. Baba anayempeleka mtoto ufukoni kutazama mawimbi wakati imetangazwa watu wakae mbali na bahari, afanya kile ambacho Bwana Wetu alikataa kukifanya.

La pili ni mashua ndogo. Usiku ule wa hatari mabaharia walitaka kutoroka. Walishusha mashua baharini wakisingizia kuwa wanakwenda kutia nanga za mbele, kumbe walitaka kujiokoa peke yao na kuwaacha abiria. Paulo akamwonya akida kwamba wasipobaki hao, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaanguka. Ndani ya chombo kile walikuwamo watu 276, wenye cheo na wafungwa, na Mungu alikuwa amemwahidia Paulo wote pamoja naye. Wasomaji wapenzi, kila tufani ina mashua yake ndogo. Fedha ni mashua ndogo. Mwenye fedha hununua nafasi ya kwanza katika ndege ya kwanza, hununua mkate wote wa dukani, hudai mafuta yote ya taa. Hatusemi kuwa ni kosa kumwondoa mtoto wako mahali pa hatari, hiyo ni wajibu. Twasema ni kosa kujiokoa kwa kumwacha mwingine, hasa yule ambaye mkono wake ulikuwa ukikuhudumia.

La tatu ni mkate na sala. Siku ya kumi na nne, karibu na mapambazuko, watu wamekata tamaa wala hawajala, Paulo aliwasihi wale ili wapate nguvu. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Nao wakachangamka. Tazameni jinsi sala na busara zinavyokwenda pamoja. Hakusema, "Salini tu, msile." Wala hakusema, "Kuleni tu, sala haifai kitu." Katika nyumba ya Kikristo ifanyike hivyohivyo. Baba asimamie milango, maji ya kunywa, tochi na betri. Mama akusanye watoto chumba cha ndani, mbali na vioo. Kisha wote wapige magoti. Katika Litania ya Watakatifu Mama Kanisa ameomba tangu karne nyingi waamini wake waokolewe na umeme na dhoruba. Kila mmoja afanye tendo la majuto kamili, yaani ajutie dhambi zake kwa kumpenda Mungu, akiazimu kuungama mara apatapo nafasi. Na ikiwa Dominika haiwezekani kufika Misani, dhamiri isihangaike, maana sheria ya Kanisa haimlazimishi mtu lisilowezekana, bali yahimiza wakati huo utumiwe katika sala, mtu peke yake au pamoja na watu wa nyumba yake. Ndivyo ilivyofanya familia tuliyoisimulia.

La nne ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Walipofika nchi kavu, wakaaji wa Malta, watu ambao hawakuwa wamesikia bado Injili, waliwatendea ukarimu usio wa kawaida. Waliwasha moto, kwa sababu ya mvua na baridi, wakawakaribisha wote. Naye Paulo alifanya nini? Alikuwa Mtume, alikuwa amechoka, ametoka majini, na tena ni mfungwa ambaye angeweza kukaa tu na kuota moto. Mtakatifu Luka asema ya kuwa Paulo alikusanya mzigo wa kuni akauweka motoni. Mgeni aliokota kuni! Hakungoja siku ya tatu ili apewe jembe. Ndipo nyoka alipotoka katika kuni zile, akamwuma, naye asidhurike. Baadaye baba yake Publio, mkubwa wa kisiwa, alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu. Paulo akaingia kwake, akasali, akamwekea mikono, akamponya. Na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja wakaponywa. Methali ya wazee wetu yatimia hapo neno kwa neno: mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.

Twajua wako watakaosema, "Padre, mimi si Mtume, siwezi kuponya homa." Ni kweli. Lakini kuni waweza kuziokota. Kuni za mgeni ni zipi? Ni kumwuliza mtu anayekuhudumia jina lake. Ni kuuliza watoto wake wako wapi. Ni kusema na mkubwa wake, kwa heshima, ili aruhusiwe kwenda kwao kabla hatari haijafika. Ni kukubali sahani iliyopungua bila kunung'unika. Ni kushika ufagio asubuhi yake. Fedha uliyoilipa ilinunua chumba, chakula na kazi ya saa kadhaa. Haikununua anga, haikununua bahari, wala haikumnunua mtu. Mwajiri naye asikie: mfanyakazi si chombo cha hoteli kama kitanda na kiti. Ana nyumba, ana ndoa, ana roho. Kumbakiza kwa ajili ya raha za wengine, wakati watu wake wako hatarini, ni jambo atakaloulizwa siku ya hukumu.

Kisha, wasomaji wapenzi, kuna jambo ambalo husahaulika upesi. Mgeni huondoka. Ndege yaruka, kisiwa chabaki nyuma kidogo kama jani juu ya maji, na juma moja baadaye tufani imekuwa hadithi ya kusimuliwa barazani. Lakini kule Mafia wamo watu zaidi ya 60,000, na wao hawana bara la kurudia. Kwao hakuna siku ya mwisho ya likizo. Mnazi ulioanguka huchukua miaka mingi kabla mwingine haujazaa mahali pake, na mashua iliyovunjika ni chakula cha nyumba nzima. Kwa hiyo yule aliyehifadhiwa kisiwani ana deni. Deni hilo si la sheria, ni la mapendo. Alilipe kwa barua au simu ya kuulizia hali, kwa msaada autakao kadiri ya uwezo wake, au kwa sadaka ipitiayo parokia yake kwenda kwa walioathirika. Alilipe pia kwa Misa ya shukrani, ambamo hatajiombea yeye peke yake.

Tulisema tutalirudia jambo la Bwana Wetu na mashua ya mapumziko. Yeye alikwenda kupumzika, akakuta watu, akawahurumia. Baba yule wa Dar es Salaam alikwenda kupumzika, akakuta mtu, na kwa saa chache hakumwona. Neema ya Mungu, kwa kinywa cha mkewe, ilimfumbua macho. Tulipomwuliza kama alijutia fedha aliyoitumia katika likizo iliyoharibika, alitujibu kuwa mwaka uliofuata familia ya Mafia ilikuja Dar es Salaam kwa matibabu ya yule bibi kizee, wakakaa nyumbani kwake majuma matatu. "Tukawapa chumba chetu," akasema, "na siku ya pili tu yule ndugu yangu akaniuliza jembe liko wapi."

Basi, enyi wazazi, mtakapofunga mizigo ya kwenda Unguja, Pemba, Mafia au kokote, wekeni ndani ya mizigo hiyo rozari na Misale, tochi na akiba ya subira. Sikilizeni matangazo ya hali ya hewa bila ubishi. Wafundisheni watoto kuwaamkia wale wanaowapikia. Na ikiwa Mungu ataruhusu upepo uvume, msitafute kwanza mashua ndogo. Tafuteni kuni.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awaombee wote walio safarini na wote wakaao visiwani, wageni na wenyeji, ili siku ya mwisho sote tufike salama katika bandari ile ambayo hapana mgeni ndani yake, kwa maana wote ni wa nyumba moja. Amina.